Ndani Kipande cha Mti

"Faiba haiozi, kaka."

Niliambiwa hivyo Kunduchi, Jumamosi moja asubuhi, nikiwa nimesimama mchangani mbele ya boti ya futi 23 iliyopakwa rangi ya bluu ikang'aa kama sufuria ya harusi. Muuzaji alikuwa mcheshi, mwenye haraka, na kusema kweli hakunidanganya. Faiba haiozi. Kilichooza ni kitu kingine ambacho yeye hakukitaja na mimi sikukiuliza.

Kwetu ni Mafia. Kuanzia Oktoba mpaka Februari, Machi hivi, papa potwe wanakuwa karibu na Kilindoni, na wageni wanakuja kuogelea nao. Ukiwa na boti yenye mashine nzuri miezi hiyo, simu haikuachi ulale. Mimi nilikuwa na kazi ya ofisini Dar, nimeweka akiba kidogo kidogo, na nilijiona mjanja: nitanunua boti iliyotumika, nitampa mdogo wangu aiendeshe, nami nitakuwa bosi wa mbali. Boti ile ya Kunduchi ilikuwa bei chee ukilinganisha na nyingine nilizoonyeshwa. Nikaipanda, nikaizunguka, nikaipigapiga kofi ubavuni kama mtu anunuaye ng'ombe. Rangi mpya nje. Rangi mpya ndani. Rangi mpya hata kule chini kwenye ngama, tumboni mwa boti ambako maji hukusanyika, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili anayepoteza rangi. Nikaona ndiyo usafi huo. Nikalipa.

Tuliipakia kwenye lori mpaka Nyamisati, tukavuka nayo. Kilindoni ilipofika kupandishwa ndipo nilipoanza kusikia maneno. Boti ya ukubwa ule, mashine ikiwa imeshushwa, watu sita wanaisukuma juu ya magogo bila taabu. Yetu ilitaka watu kumi na mmoja, na wawili wakaondoka wameshika viuno. Baba mkubwa wangu, fundi wa majahazi tangu ujana wake Jibondo, alikuwa amekaa kivulini akitutazama. Nilipomwendea kumwamkia akaitikia, halafu akaniuliza, "Mwanangu, umenunua boti, au umenunua na shehena yake?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Desemba mashine ikaanza kusinzia. Sina neno jingine. Kila wimbi lilipotupiga, mashine iliinamisha kichwa na kukiinua, kama mzee aliyeshindwa na usingizi kwenye hotuba ya Ijumaa. Mdogo wangu alikaza bolti, ikatulia siku mbili, ikaanza tena. Akakaza zaidi, mpaka washa, vile vibati vya duara vya bolti, zikazama ndani ya ubao kama kidole kwenye mkate.

Tukaipandisha. Baba mkubwa akaja na kanzu yake, akaikunja mapajani, akachuchumaa nyuma ya boti. Akashika mashine kule chini karibu na panga linalosukuma maji, akaisukuma juu, akaivuta chini. Ubao wote wa tezi, ule ukuta wa nyuma wa boti, ukafuata. Pembeni, pale tezi inapokutana na ubavu, rangi ya bluu ilikuwa imepasuka nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Akaomba bisibisi. Chini kabisa ya tezi palikuwa na skrubu mbili zilizowahi kushikilia kipima kina ambacho mwenye boti wa zamani alikuwa amekwisha kukiondoa. Skrubu ya kwanza ilizunguka tu, haikushika kitu, akaitoa kwa kucha. Kwanza halikutoka kitu. Kisha likatoka tone, jingine, halafu mstari mwembamba wa maji ya rangi ya chai kavu, ukateremka kwenye faiba mpaka mchangani. Akakinga kidole. Akanusa. Akalamba! Akatema mate pembeni, akasema:

"Haya si ya baharini. Haya ya mbinguni."

Maneno hayo yamenifundisha kuhusu boti kuliko video zote nilizotazama baadaye. Ngoja nieleze, maana wengi wetu tunafikiri adui wa boti ni bahari.

Boti ndogo za faiba tunazozinunua huku si faiba tupu. Ganda ni nyuzi za kioo zilizoloweshwa rezini, gundi inayokauka ikawa ngumu, kweli, na hilo litakuzika. Lakini ule ubao wa tezi unaobeba mashine, mara nyingi ndani yake ni marinbodi, mbao za tabaka zilizogandishwa, iliyofunikwa faiba pande zote. Mihimili inayopita chini ya sakafu kwa urefu wa boti, mbao. Sakafu yenyewe, marinbodi tena. Na kati ya sakafu na ganda, watengenezaji wengi humimina povu gumu ili boti ikijaa maji isizame. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na nina hakika hawakuwahi kuona boti ya faiba.

Sasa mti huo umefungiwa vizuri mpaka mtu aje na drili. Mashine inafungwa kwa bolti nne: matundu manne. Kipima kina: mawili. Ngazi ya wageni: mengine manne. Vishikio vya fimbo za kuvulia, pampu ya ngama, kizibo cha chini. Kila tundu lilipaswa kupakwa rezini ndani kabla skrubu haijaingia, kisha kuzibwa kwa gundi ya baharini. Ninachokikuta kila mahali ni silikoni ile ya kuzibia sinki, ambayo baada ya jua la msimu mmoja inabanduka kama ngozi ya nyoka. Maji yakishaingia hayana pa kutokea. Faiba iliyomzuia adui asiingie ndiyo hiyo hiyo inayomfungia ndani.

Na maji ya chumvi, kwa ajabu, si mabaya sana kwa mti. Ukungu unaoozesha mbao unataka unyevu, hewa na joto, na chumvi inausumbua. Maji ya mvua hayana chumvi, yanaukaribisha. Ndiyo maana mafundi wa majahazi huwa na wasiwasi na mvua inayosimama ndani ya chombo kuliko na mawimbi. Boti iliyoachwa uwanjani masika nzima, Machi mpaka Mei, kizibo kimefungwa, pua iko sawa na tezi, haina hata turubai, hiyo imekunywa. Haijalishi ilikaa baharini saa ngapi. Ile yangu, nilikuja kujua kwa jirani wa muuzaji, ilikuwa imelala nyuma ya nyumba masika mbili.

Tulipokata tezi kwa grainda kutoka ndani, fundi wa faiba aliutoa ubao kwa mkono. Hakutumia patasi. Alichota, akarusha kwenye ndoo, akachota. Ulikuwa kama machicha ya kahawa, wenye harufu ya majani yaliyolala chini ya mnazi. Chini ya sakafu povu lilikuwa limelowa kama sifongo. Tuliliminya likatoa maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, hesabu ya darasa la nne. Ukiwa na lita mia zimejificha kwenye povu umebeba uzito kuliko mashine ya nguvu za farasi 40, ambayo ni kilo 70 na ushee. Ndiyo ile shehena aliyoniuliza baba mkubwa. Sitasema nilitumia kiasi gani kutengeneza, mke wangu anasoma blogu hii.

Mwaka uliofuata nilihitaji boti ya pili, na safari hii nilikwenda kama mtu aliyeumwa na nyoka. Niliona saba kabla ya kununua moja.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kuchagua siku. Usiende muuzaji akiwa ameshaisafisha boti na kuianika. Mwambie unataka kuiona ikitoka majini, au nenda bila kutangaza siku mbili baada ya mvua. Ikipandishwa, inua pua, fungua kizibo, halafu kaa. Kunywa chai. Boti yenye afya inamwaga maji ya ngama dakika chache, basi. Ile yenye maradhi inaendelea kudondosha tone tone saa nzima, wakati ndani ya ngama hamna kitu. Maji hayo yanatoka wapi? Yanatoka kwenye mbao na povu. Tazama rangi yake pia. Kama ni kahawia, kuna mti unaolia humo. Si lazima uyalambe, rangi inatosha.

Ukiwa unangoja, angalia mstari wa mwani uliobaki kwenye ganda, ule unaoonyesha maji yalikuwa yanafika wapi boti ikiwa imefungwa bila mtu. Ukiona mstari umepanda sana upande wa tezi na pua imebaki kavu, au boti imelala upande mmoja, kuna uzito umekaa mahali. Moja ya zile saba ilikuwa na mstari uliopinda hivyo, muuzaji akasema ni kwa sababu ya tangi la mafuta. Tangi lenyewe lilikuwa dumu la lita 20.

Kisha sauti. Hapa ndipo nataka uchukue muda, kwa sababu ni bure na haidanganyi mara nyingi. Chukua bisibisi, ugeuze, upige kwa mpini. Usipige kwa nguvu, gonga kama unayebisha hodi kwa mkwe. Anza mahali unapojua ni pazima, juu ubavuni ambako hakuna maji yanayofika, ili sikio lipate kipimo. Kisha nenda kwenye tezi na ugonge kila inchi tatu hivi, kutoka juu kushuka chini, hasa kuzunguka bolti za mashine na pembe za chini. Penye afya panajibu ko, ko, ko, kavu, sauti inarudi mkononi. Pakiwa pameoza au faiba imeachana na ubao, unasikia bu. Sauti inakufa humo humo. Weka alama kwa chaki kila penye bu. Mwanzoni utadhani unajidanganya. Ukishafika tundu la tatu na alama zikaungana kuwa duara, hutajidanganya tena. Muuzaji mmoja aliponiona na chaki yangu aliwasha redio ya gari lake kwa sauti kubwa. Nikamsubiri mpaka betri ikachoka, ikazima yenyewe. Sikununua, lakini nilimwonea huruma.

Sakafu vua viatu. Tembea kisigino kwa kisigino, mstari kwa mstari, kutoka tezi hadi omo, yaani nyuma hadi puani. Mguu mtupu unahisi kubonyea kidogo ambako kiatu hakihisi. Zulia lililogandishwa juu ya sakafu ni la kuinuliwa. Akikataa lisiinuliwe, mshukuru uondoke. Na rangi mpya kwenye ngama, nimeshasema. Rangi mpya ubavuni ni biashara, kila mtu anapendezesha chake. Rangi mpya mahali pasipoonekana ina sababu yake.

Mashine iinue nusu, shika kule chini karibu na panga, sukuma na vuta kama alivyofanya baba mkubwa, huku mwenzako ameweka macho kwenye mstari ambapo tezi inaungana na sakafu. Mashine ikicheza kwenye vishikio vyake ni jambo dogo. Tezi ikicheza na mashine, ni jambo la grainda. Tazama pia bolti kwa ndani: washa zilizozama kwenye ubao, machozi ya kutu yanayotiririka chini ya nati, na kile kibati cha aluminiamu ambacho mtu amekiongeza juu ya tezi "kuipa nguvu." Tezi nzima haihitaji kuongezewa nguvu.

Baada ya hapo ninaomba jambo linalowaudhi: skrubu moja itolewe, ya chini kabisa. Nikipata ruhusa, na tundu moja la milimita 4 kutoka upande wa ndani, lisitoboe mpaka nje. Ninaahidi kulipa gharama ya kuliziba kwa rezini hata nisiponunua, na ninalipa. Unga unaotoka kwenye drili ndio cheti. Ukiwa mkavu, mweupe au wa rangi ya mbao, ukapeperuka, vizuri. Ukitoka uji mweusi umeng'ang'ania kwenye biti, huna haja ya kugonga tena.

Kuna watakaokuambia ununue kipima unyevu. Nilikiagiza, ninacho, kinasaidia kiasi. Kwa kawaida mti ulio chini ya asilimia 20 ya unyevu hauozi, ila kifaa hicho ukikiweka juu ya faiba hakikupi asilimia ya kweli ya ubao uliofichwa. Kinakupa tofauti kati ya hapa na pale. Faiba ikiwa na chumvi juu, au kukiwa na bolti nyuma yake, au rangi yenye shaba, kinapiga kelele bure. Na hakijui kuoza, kinajua kulowa tu. Kwa bei yake utapata bisibisi za kutosha kijiji kizima.

Malengelenge kwenye ganda la nje yanatisha watu kuliko yanavyostahili. Ni maji yaliyopenya kwenye jelikoti, lile tabaka la juu linalong'aa, na kuchanganyika na kemikali za rezini. Ukilitoboa linaruka kimiminika chenye harufu ya siki, kwa hiyo kinga macho. Huwapata zaidi vyombo vinavyokaa majini mwaka mzima. Machache yanakwanguliwa, yanakaushwa, yanazibwa. Yakiwa ganda zima, tafuta boti nyingine. Mimi nimeshanunua yenye malengelenge sita na sijalala macho.

Mashine nayo hunywa. Iache imesimama wima usiku kucha, asubuhi fungua skrubu ya chini ya sanduku la gia, polepole. Maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini, kwa hiyo kama yamo yatatangulia yenyewe. Oili ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, sili, ile mipira ya kuzuia maji, zimekwisha. Fungua kofia: chumvi kwenye pembe, unga mweupe wa aluminiamu uliokula bodi, viungo vya nyaya vilivyoota ukijani, ni mashine iliyowahi kuzama au isiyowahi kusafishwa kwa maji yasiyo na chumvi. Iwashe uone kama inakojoa maji yake ya kupoza kwa nguvu. Nyaraka usizikague ukiwa umechoka na jua: huku bara ni TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli, Zanzibar wana mamlaka yao ya usafiri baharini, na jina kwenye cheti liwe la mtu unayempa pesa.

Katika zile saba, hakuna hata moja iliyokuwa safi kabisa. Hilo nalo lilinichukua muda kulikubali. Mwishowe niliyoinunua ilikuwa na alama mbili za chaki kwenye sakafu, karibu na kizibo, ukubwa wa sahani ya chai, na skrubu tano zilizozunguka bure. Rangi yake ilikuwa imechujuka, ubavu umechubuka gatini, jina limefutika nusu. Tezi iligonga ko kutoka juu hadi chini. Mwenyewe, mvuvi wa Bagamoyo, alikuwa ameipandisha juu ya vipande viwili vya mnazi, pua juu, kizibo kimening'inia kwenye uzi ili kisipotee. Nilipomwonyesha alama za chaki akazitazama, akasema, "Hapo najua. Masika ile tundu liliziba na majani, nikachelewa kuona." Akapunguza bei kabla sijafungua mdomo. Muuzaji anayekuonyesha ugonjwa wa boti yake ni wa kununua chochote anachouza.

Baba mkubwa nilimpigia simu usiku ule. Nikamwambia sakafu ina kasoro, tezi nzima. Akauliza inalalaje. Nikamweleza habari ya magogo, pua, na kizibo kwenye uzi. Akanyamaza kidogo, akasema niilete.

Ilifika Kilindoni maji yakiwa yamekupwa, siku ya bamvua, mchanga umetanda mpaka mbali. Vijana walikuwa wamekusanyika kwa sifa ya ile ya kwanza, zaidi ya kumi, wameshafunga misuli viunoni. Baba mkubwa akanyanyuka kivulini, akaja, akawahesabu kwa fimbo yake. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Kisha akairudisha fimbo kwapani.

"Ninyi wengine kaeni," akasema.